Vitabu Visivyosomwa na Ujira Usiolipwa



Mwezi wa Aprili mwaka 2024, nchini Marekani, kijitabu kimoja cha katuni kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Kijitabu hicho ni toleo la kwanza la Action Comics. Kilipotoka mwaka 1938 bei yake ilikuwa senti 10, na wengi wa walionunua walikuwa watoto. Ndani yake ndimo alimotokea kwa mara ya kwanza Superman, shujaa wa kubuni ambaye leo ni vigumu kumpata kijana asiyelijua jina lake. Kisha, mwezi wa Novemba 2025, kijitabu kingine, Superman toleo la kwanza la mwaka 1939, kilichokutwa darini katika nyumba moja huko California, kiliuzwa kwa dola milioni 9.12.

Habari za namna hii hupokewa kwa mshangao, kisha kwa kicheko. Watu hutikisa vichwa na kuulizana: mwenye akili timamu anawezaje kutoa mali yote hiyo kwa karatasi kuukuu zenye picha za mtu aliyevaa joho jekundu? Sisi tunaona swali hilo ni dogo mno. Mwenye kulicheka jambo hili amelipita bila ya kuliona. Swali kubwa ni hili: mamilioni hayo yametokana na jasho la nani, na mwenye jasho alipata nini?

Tunasema wazi tangu mwanzo: biashara ya kukusanya vijitabu adimu vya mashujaa wa katuni imesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni ujira ambao watunzi wake hawakulipwa inavyostahiki. Ya pili ni kitabu kunyimwa wasomaji wake. Mwenye kuitetea na atujibu kwa nguzo hizo mbili, asitujibu kwa habari ya uhuru wa mtu na mfuko wake.

Dola 130

Superman alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio: Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914, wakasoma shule moja, na wakatoka katika familia za wahamiaji zisizokuwa na mali. Walikuwa Mayahudi, na tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu haki ya mfanyakazi haiulizi dini yake, na asiyeweza kumshuhudilia haki mtu wa dini nyingine hana ushahidi wa kutegemewa.

Kwa miaka kadhaa vijana hao walibisha hodi kwa wachapishaji wakarudishwa. Mwezi wa Machi 1938 wakampata mchapishaji huko New York, wakatia saini karatasi iliyomkabidhi haki zote za shujaa wao, daima dumu, kwa dola 130. Hiyo ni dola 65 kwa kila mmoja. Hundi waliyopewa ilikuwa ya dola 412, kwani ilijumuisha malipo ya kazi nyingine. Lakini thamani ya Superman ndani yake ilikuwa 130 tu.

Kwa insafu tuseme kwamba kwa miaka kadhaa baada ya hapo walilipwa vizuri kwa kurasa walizoendelea kuandika na kuchora. Lakini shujaa wao alipokwisha kuingia katika redio, sinema na maduka ya vitu vya watoto, faida ilikwenda kwa aliyeishika ile karatasi. Mwaka 1947 wakaenda mahakamani. Mwaka 1948 kesi ikamalizika kwa suluhu ya fedha, na majina yao yakaondolewa katika kazi waliyoibuni wao wenyewe.

Mwaka 1975, wakati kampuni yenye hakimiliki ilipokuwa ikiandaa sinema kubwa ya Superman, Siegel alikuwa karani katika ofisi moja huko Los Angeles. Shuster alikuwa New York, akiishi na ndugu yake, macho yamefifia, hawezi tena kuishi kwa kalamu yake. Siegel akaandika kwa magazeti kueleza hali yao. Wachoraji wenzao, wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson, wakasimama nao hadharani. Ndipo kampuni, mwezi wa Desemba mwaka huo, ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Shuster alifariki mwaka 1992 na Siegel mwaka 1996.

Sasa, ndugu msomaji, linganisha. Dola 130 kwa aliyetunga. Dola milioni 6 kwa aliyeuza nakala moja tu ya kilichotungwa. Hiyo ni zaidi ya mara 46,000. Na kama hayo hayatoshi, ile hundi yenyewe ya mwaka 1938, yenye sahihi zao nyuma yake, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Yaani hata ushahidi wa kupunjwa kwao umegeuzwa bidhaa, na bidhaa hiyo nayo ikapata bei kubwa kuliko walichopata wao.

Wala wawili hao si peke yao. Batman alitokea katika Detective Comics toleo la 27, mwaka 1939. Kwa miaka zaidi ya 70 dunia iliambiwa kwamba ameundwa na Bob Kane peke yake. Bill Finger, aliyeandika kisa kile cha kwanza na kushiriki katika kumpa shujaa huyo sura na mavazi yake, alifariki mwaka 1974 bila ya jina lake kutajwa rasmi kuwa mtunzi mwenza. Lilitajwa mwaka 2015. Jack Kirby, ambaye mkono wake ulichora kundi kubwa la mashujaa wanaojaza sinema za leo, aliipitisha sehemu kubwa ya miaka ya 1980 akidai arudishiwe kurasa alizozichora mwenyewe. Mwaka 1987 akarudishiwa sehemu tu.

Uhaba huu ulitoka wapi?

Watetezi wa biashara hii husema kwamba bei ni matokeo ya uhaba. Ni kweli. Basi na tuutazame huo uhaba.

Lile toleo la kwanza la Action Comics lilichapishwa nakala zipatazo 200,000. Wajuzi hukadiria kwamba zilizosalia leo ni 100 hivi. Zilikwenda wapi nyingine? Nyingi zilikwenda kulikostahiki kwenda: mikononi mwa watoto. Walizisoma, wakazikunja, wakaziazimana, wakabadilishana na wenzao mpaka zikachanika. Karatasi yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, itokanayo na massa ya mti, igeukayo rangi na kukatika kwa miaka michache. Hicho kilikuwa kitabu kilichokufa kwa kusomwa, na hakuna mauti bora kwa kitabu kuliko hayo.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na watoto wa Marekani wakahimizwa kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya jeshi. Vijitabu kwa maelfu vikaenda kusagwa. Baada ya vita ukaja moto. Mwaka 1948, katika miji kama Spencer huko West Virginia na Binghamton huko New York, watoto wa shule walivirundika vijitabu vya katuni na kuviteketeza, watu wazima wakitazama na kuridhia. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishutumu, Baraza la Seneti likafanya vikao, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali ili kujinusuru.

Hapa tuna neno na baadhi ya ndugu zetu. Wapo watakaosoma habari hii na kusema: heri wangeviteketeza vyote! Tunawaomba watafakari. Moto ule haukumrudishia Siegel haki yake wala haukumfundisha mtoto yeyote kuchagua kisomo chema. Ulichofanya ni kupunguza idadi ya nakala, na aliyefaidika na upungufu huo ni tajiri wa mnadani wa leo. Sehemu ya mamilioni haya ni moshi wa jana uliogeuka dhahabu. Mwenye kuchoma anadhani anapigana na batili, kumbe anamtajirisha aliyeficha nakala moja chini ya kitanda. Yaliyomo kitabuni hujibiwa kwa hoja na kwa kitabu kilicho bora zaidi. Kiberiti hakijapata kuwa hoja.

Hoja za watetezi

Hoja yao ya kwanza: ni mali yake, aifanyie apendalo. Tunajibu: hatujasema amekiiba. Lakini mali si kitu kisichoulizwa kilikotoka na kinakokwenda. Katika kila mauzo ya kijitabu kama hiki muuzaji hupata, dalali wa mnada hupata, na aliyekipima hupata. Mmoja tu ndiye hapati kitu: aliyekitunga na warithi wake. Mkusanyaji wa leo hakuwako mwaka 1938, na hatumtwishi dhambi ya mwingine. Tunachosema ni kwamba anakula katika sinia ambayo mpishi wake alifukuzwa mlangoni, na walau imlazimu kulijua hilo.

Watasema tena: watunzi walitia saini kwa hiari yao. Naam, walitia. Lakini kijana wa miaka 23, asiye na wakili, aliyerudishwa miaka na miaka, anayeambiwa saini hapa au chukua kazi yako uende, hiari yake ni ya namna gani? Yapo mengi yaliyo sahihi mbele ya sheria na yamepungukiwa mbele ya insafu. Msomaji anayajua mafundisho yetu kuhusu ujira wa mfanyakazi. Hatuna haja ya kumkumbusha.

Hoja ya pili: wakusanyaji wanahifadhi turathi. Tungependa kuikubali hoja hii, kwani wapo waliovihifadhi kwa mapenzi ya kweli, na lau si wao huenda leo pasingekuwa na nakala ya kutazama. Hao tunawashukuru. Lakini biashara ya sasa haihifadhi kitabu, inakizika. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni huko Florida, iitwayo CGC, ambayo hupokea kijitabu, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10 kwa kadiri ya usafi wake, kisha hukifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Kasha likivunjwa, alama ile haitambuliki tena na bei huanguka. Maana yake ni kwamba mwenye kijitabu hathubutu kukifungua. Amenunua kisa asichoweza kukisoma na picha asizoweza kuziona, isipokuwa jalada la mbele na la nyuma. Kitabu kimegeuka kifuniko cha kitabu.

Linganisha na Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, yenye hazina ya vijitabu vya katuni zaidi ya laki moja, ambako mtafiti hukaa akasoma. Chuo Kikuu cha Ohio State nacho kina maktaba na makumbusho ya katuni, Billy Ireland, iliyofunguliwa kwa umma. Huko ndiko kuhifadhi. Kitabu kinalindwa dhidi ya jua, unyevu na wadudu, lakini hakilindwi dhidi ya msomaji. Kipimo cha kumtambua mhifadhi na mlimbikizaji ni hicho tu: je, msomaji akija mlango unafunguliwa?

Hoja ya tatu: bei kubwa ni heshima kwa watunzi. Subhanallah! Heshima gani hii isiyomfikia mheshimiwa? Lau bei ingekuwa heshima, alama ya kijitabu ingetegemea ubora wa kisa. Lakini kisa ni kile kile katika nakala ya alama 2 na nakala ya alama 9. Kinacholipiwa ni pembe isiyokunjika na pini isiyoshika kutu. Nchi ya Ufaransa, tangu mwaka 1920, ina sheria impayo msanii sehemu ya bei pindi kazi yake ya asili inapouzwa tena. Sheria hiyo haihusu nakala zilizochapwa kwa maelfu, na Marekani haina sheria kama hiyo ya nchi nzima. Hata hivyo inaonyesha kwamba jambo hili lawezekana kufikiriwa na kutekelezwa. Wanaosema wanawaheshimu watunzi na waanze kwa kuitafuta njia yake.

Hoja ya nne: ni kitega uchumi kama dhahabu na ardhi. Ardhi hulimwa, nyumba hukaliwa, ng'ombe hukamuliwa. Kijitabu ndani ya plastiki hakizai kitu; faida yake yote inategemea kumpata mtu wa kesho atakayelipa zaidi kuliko wa leo. Na kesho hiyo si ya kuaminika. Mwezi wa Novemba 1992 ilitolewa hadithi ya kifo cha Superman, toleo la 75, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Watu walipanga foleni madukani. Wengi walinunua nakala mbili na tatu, moja ya kusoma na nyingine za kuwasomeshea watoto wao chuo kikuu hapo baadaye. Mwaka mmoja kabla, X-Men toleo la kwanza la 1991 lilikuwa limeuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Hawakujiuliza: kitu kilichohifadhiwa na watu milioni kitakuwaje adimu? Soko likaanguka, maduka mengi yakafungwa, na mwezi wa Desemba 1996 kampuni ya Marvel ikaomba hifadhi ya mufilisi, japokuwa madeni yake nayo yalichangia. Nakala zile za mifuko myeusi bado zimo makabatini, na aghalabu huuzwa kwa dola chache tu.

Haya yanatuhusu nini?

Msomaji wa msikitini ataweza kusema: hatuna vijitabu hivyo, hatuna mamilioni hayo, wenyewe wako ng'ambo, ya nini kutushughulisha? Tunamjibu kwamba ugonjwa hutazamwa vizuri zaidi pale ulipokomaa. Waliyofanyiwa Siegel na Shuster yanaweza kumpata kijana yeyote wa Dar es Salaam, Unguja au Mombasa achoraye katuni za gazeti, atungaye kaswida ikarekodiwa na kuuzwa, au aandikaye kitabu cha watoto wa madrasa. Anapewa karatasi, anaambiwa atie saini, analipwa mara moja, na kazi yake inaishi miaka 50 ikiwanufaisha wengine. Tena tusijitoe lawamani: mara ngapi sisi wenyewe tumenakili kanda na kitabu cha mtu, tukaviuza mlangoni mwa msikiti kwa jina la kheri, na mtunzi hata hakuulizwa?

Na maradhi ya pili, ya kulimbikiza kisichotumika, nayo tunayo. Mangapi ni makabati yenye vitabu vilivyofungwa kwa kufuli, funguo kwa mtu mmoja, vumbi juu yake, na vijana nje wakitafuta cha kusoma? Kitabu cha elimu kilichofungiwa kabatini hakina tofauti kubwa na kijitabu cha Superman ndani ya plastiki. Vyote viwili vimeandikwa visomwe, na vyote viwili vimenyimwa kazi yake.

Kwa hiyo tunasema mambo manne.

Kwanza, asiwepo wa kuchoma. Mzazi akae na mwanawe, aone anachosoma, amweleze lililo jema na lisilo jema ndani yake.

Pili, kijana mwenye kipaji asitie saini karatasi asiyoielewa. Na aende kwa mwanasheria au mtu mzima mwenye ujuzi kabla, si baada. Dola 130 zililiwa zikaisha, saini ilibaki.

Tatu, mwenye kuchapisha, awe gazeti, studio au taasisi ya dini, aandike jina la mtunzi na amlipe kwa kadiri kazi inavyoendelea kuuzwa. Taasisi ya dini ndiyo iliyo na wajibu zaidi, kwani ikidhulumu inadhulumu kwa jina lisilo lake.

Nne, mwenye vitabu na avifungue. Mwenye kabati alitafutie saa za kulifungua na mtu wa kuazimisha. Na yule tajiri wa mbali, kama maneno haya yatamfikia, tunamwambia kwamba ipo njia ya kuihifadhi hazina yake milele: aipeleke maktaba, mtoto yeyote akaione kurasa kwa kurasa, na majina ya Jerry Siegel na Joe Shuster yakisomeka juu yake.

Wenzao walipaza sauti mwaka 1975, na wazee wawili wakarudishiwa majina yao wakiwa hai. Bill Finger hakuwahi. Jina lake lilirudi naye kaburini kwa miaka 41. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ni watu waliosema kabla ya wakati kupita. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema mapema, na wanaotoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.